Je, Wajua? Salfa ya mikorosho huamsha bakteria wa udongoni

Salfa inayopulizwa kwenye mikorosho ya Newala na Masasi haiishii majanini. Vumbi linaloanguka chini huliwa na bakteria, nao huligeuza kuwa tindikali. Udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde hauna nguvu ya kuizima, na watafiti waliopima mashamba ya kusini miaka ya 1990 walikuta tindikali imeongezeka palipopulizwa salfa. Kwa maoni yangu, wa kuhofiwa zaidi si mkorosho, unaovumilia hali hiyo, bali mbaazi na karanga zinazopandwa kati yake. Mimea hii hulishwa naitrojeni na bakteria wengine, rizobia, wanaoishi katika vinundu vya mizizi. Ng'oa mbaazi changa, pasua kinundu kwa ukucha: kikiwa na wekundu ndani, kazi inaendelea, kikiwa kijani au kijivu, imesimama. Tindikali ikizidi, vinundu hupungua, na naitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa, haifiki shambani.

Wako watakaosema kuwa bila salfa ugonjwa wa ubwiriunga, ulioonekana nchini Tanzania mwaka 1979, ungemaliza maua, na korosho ndiyo ada ya shule. Ni kweli, wala sitetei kuiacha. Lakini kiasi chaweza kupungua: tupogoe matawi yaliyosongamana, tufuate ratiba badala ya kupuliza ovyo, tupande miche inayostahimili ugonjwa kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele. Chokaa nayo hupunguza tindikali. Kwenye kibustani cha karanga, hata majivu ya jikoni husaidia.