Nani Aliyegawa Mji?

Hivi karibuni nilikuwa Makongolosi, mji wa dhahabu wilayani Chunya. Mzee mmoja mchimbaji, ambaye mwanawe anatafuta kiwanja, aliniuliza: "Mwanangu, mbona viwanja vya ujazo mdogo ndivyo vikubwa, na vya ujazo mkubwa ndivyo vidogo?"

Nikamweleza kwamba ujazo ni wa watu. Penye watu wachache, kila mmoja hupata eneo kubwa. Mzee hakuridhika. "Na hao wachache," akasema, "huchaguliwa na nani?"

Swali hilo ni zito, na wapo wasomi waliotumia miaka mingi kulichunguza. Mmoja wao ni James Brennan, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Mwaka 2007, pamoja na Andrew Burton na Yusuf Lawi, alihariri kitabu cha historia ya Dar es Salaam. Mwaka 2012 akatoa kitabu chake alichokipa jina la Kiswahili, Taifa, kuhusu rangi na utaifa katika miji yetu.

Historia hiyo inasema nini? Waingereza waliigawa Dar es Salaam katika kanda tatu. Kanda ya kwanza ilikuwa ya majengo ya Kizungu. Ya pili ilikuwa ya maduka na makazi, na humo Wahindi walikuwa wengi. Ya tatu ilikuwa ya nyumba za miti na udongo, kama Kariakoo. Kati ya Wahindi na Waafrika ukaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, kwa hoja ya kuzuia maradhi.

Tukumbuke kwamba Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na kuandika ubaguzi waziwazi kungeleta maswali. Kwa hiyo kanuni zilitaja kuta na mapaa, hazikutaja rangi ya mtu. Lakini Mwafrika angepata wapi fedha za mawe na saruji? Mshahara wake ulikuwa mdogo, na sheria ya kikoloni ilibana mikopo kwa Waafrika, eti kuwakinga na madeni. Hivyo kanuni ya nyumba ikawa kanuni ya watu.

Haya hayakuwa ya kwetu peke yetu. Huko Marekani, katika miaka ya 1930, shirika la serikali lilichora ramani zilizopaka rangi nyekundu mitaa ya watu weusi, kuonyesha kwamba kukopesha huko ni hatari. Mwaka 1996 mwanahistoria Thomas Sugrue alieleza jinsi ubaguzi wa makazi na wa ajira ulivyouumiza mji wa Detroit.

Baada ya Uhuru serikali yetu haikukaa kimya. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1971 yakataifishwa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Ubaguzi wa rangi ukaondoka katika sheria, lakini ramani ikabaki. Oysterbay, iliyojengwa kwa ajili ya Wazungu, ikawa makazi ya wakubwa. Hata Mbeya mjini bado tunasema Uzunguni na Uhindini, kana kwamba majina hayo yaliota kama miti.

Sisemi kupima viwanja ni kubaya. Upimaji huleta barabara, maji na hati. Ninachosema ni kwamba mipaka ya leo huwekwa na bei na masharti. Kwa hiyo mkutano wa viwanja ukiitishwa mtaani kwako, nenda ukaulize: kiwanja kidogo kabisa kina ukubwa gani? Malipo ni kwa muda gani? Ni lazima nyumba iishe lini? Mchimbaji mdogo na mama ntilie wakishindwa masharti hayo, watahamia pembezoni bila hata mtu mmoja kuwafukuza.

Mzee wangu wa Makongolosi, jibu langu limechelewa. Hao wachache huchaguliwa na masharti, na masharti huandikwa na watu. Tuwepo yanapoandikwa.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.