Sindano ya Goti: Dawa Ile Ile, Saa Tofauti

Mchezaji akichanika ligamenti ya msalaba ya mbele, mara nyingi goti huwa limefura ndani ya saa chache. Kilichojaa mle ni damu, na pamoja nayo kemikali zinazochochea uvimbe. Mojawapo ni interleukini-1, ambayo huamsha vimeng'enya vya kulila gegedu, lile tabaka jeupe na telezi linalofunika ncha za mifupa. Daktari wa upasuaji anaweza kuweka ligamenti mpya, lakini hilo peke yake halijathibitika kuliokoa gegedu. Takriban nusu ya waliochanika ligamenti hii au menisko, ule mto mdogo ulio kati ya mifupa ya goti, huonekana magoti yao yamesagika miaka 10 hadi 20 baadaye. Aliyeumia akiwa na miaka 20 basi anaweza kuanza kuchechemea kabla ya 40, umri ambao hakuna daktari anayependa kumwekea mtu goti la bandia.

Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likiumia halijitengenezi vizuri. Halina mishipa ya fahamu pia, kwa hiyo hulika bila kupiga kelele. Ndipo likazaliwa wazo la kuchoma dawa ndani ya kiungo chenyewe, mapema, kabla uharibifu haujaota mizizi.

Dawa ya kwanza kufikiriwa ni steroidi, ambayo hospitali nyingi zinayo na wagonjwa wengi wanaijua kwa jinsi inavyotuliza maumivu. Hapo ndipo mambo yanapotatanika. Mwaka 2017 watafiti wa Boston, Marekani, walitangaza matokeo ya wagonjwa 140 ambao magoti yao yalikuwa yameshasagika. Nusu walichomwa miligramu 40 za triamsinoloni kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, wengine maji ya chumvi. Waliopata dawa walipoteza gegedu zaidi, milimita 0.21 dhidi ya 0.10, na maumivu yao hayakupungua kuwazidi wenzao.

Mwaka huohuo likachapishwa jaribio dogo la watu 49 waliochanika ligamenti siku chache tu kabla. Steroidi hiyohiyo, lakini mara moja au mbili. Kwa waliochomwa maji ya chumvi, mabaki ya gegedu lililovunjika yaliongezeka kwenye ute wa goti. Kwa waliopata dawa, ongezeko hilo lilizuiwa. Kwangu mimi matokeo haya mawili hayagombani. Goti lililoumia juzi limo katika dhoruba ya kupita, na kuituliza mara moja si sawa na kulimwagia steroidi goti chakavu mwaka hadi mwaka. Lakini watu 49 ni wachache, na mabaki kwenye ute si goti lililopona.

Hapo ndipo penye ugumu wa utafiti huu wote. Hakuna anayetaka kungoja miaka 15 ajue dawa ilifanya kazi, kwa hiyo hupimwa vitu vya karibu: kemikali za kwenye ute, unene wa gegedu kwenye picha ya MRI. Vitu hivyo vinaweza kudanganya. Katika jaribio la sprifermini, dawa ya kukuza gegedu, lililotangazwa 2019 na lenye washiriki 549 wenye magoti yaliyosagika, kipimo kikubwa cha dawa kiliongeza unene wa gegedu kidogo, ila maumivu hayakuonyesha tofauti ya maana na ya waliochomwa maji ya chumvi. Maji hayo nayo si ya kudharau: wengi wanaochomwa hayo tu husema wamepata nafuu, na ndiyo maana sindano isiyolinganishwa nayo haistahili kuaminiwa.

Leo hii, basi, hakuna sindano iliyothibitishwa kuzuia goti lililoumia lisisagike. Ukishauriwa kuchomwa, uliza ni dawa gani, inalenga maumivu au gegedu, na itarudiwa mara ngapi. Nayo dawa ya mapema, hata ikipatikana kesho, itamtaka majeruhi afike hospitali ndani ya siku hizo chache, wakati wengi wetu bado tunakandwa kwa maji ya moto na kufungwa bandeji nyumbani.