Usiliuze gari kabla ya kulipima

Ukifika gereji yoyote ya Dar es Salaam na gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, ushauri utakuja hata kabla boneti haijafunguliwa: uza, chukua lingine. Atakupa fundi, atakupa mteja mwenzako aliyekaa benchi akisubiri gari lake, na jioni atakupa shemeji yako. Si watu wabaya. Wameona spea za mwezi huu zikifuata za mwezi uliopita, na wanajua gari likianza kusumbua halisumbui mara moja. Tatizo ni kwamba ushauri huo hutolewa kabla mtu hajauliza kilichoharibika ni nini, na kimeharibikaje. Kwangu mimi majibu ya maswali hayo mawili yana uzito kuliko umri wa gari, kuliko kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi, na mara nyingi kuliko hata bei ya matengenezo yenyewe.

Tuanze na hilo “lingine” tunaloambiwa tulichukue. Kwa wengi wetu ni mtumba wa Japani. Kule gari jipya hukaguliwa kisheria linapotimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo, wanaouita shaken, unamgharimu mwenye gari fedha nzuri, na gari la petroli likivuka miaka 13 kodi yake ya mwaka hupanda. Kwa hiyo Mjapani anaachana na gari ambalo bado linatembea vizuri kwa sababu hesabu ya mwaka huo imemkataa. Gari linakwenda mnadani, linapakiwa melini, linashushwa bandarini kwetu, linapewa namba.

Namba hiyo ndiyo inayotuchanganya. Tumezoea kusema fulani ana namba D, fulani kanunua namba E, kana kwamba herufi inataja umri. Herufi inasema gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Toyota IST ya toleo la kwanza ilitengenezwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2007. Ikisajiliwa leo itapata namba mpya inayong’aa, na bushi zilezile ilizotoka nazo kiwandani. Watu wanauza gari lao la mwaka 2005 lenye namba C na kununua la mwaka 2005 lenye namba E, wakiamini wamepanda daraja. Wamebadilisha matatizo wanayoyajua kwa matatizo ya mtu mwingine wasiyemjua.

Halafu kuna kodi. Tanzania haijaweka ukomo wa umri kwa magari yanayoingia kama walivyofanya Wakenya, wanaozuia gari lililozidi miaka 8, au Waganda, ambao mwaka 2018 walipitisha sheria ya kuzuia yaliyozidi miaka 15. Sisi tunatoza uchakavu: asilimia 15 kwa gari dogo la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 kwa lililozidi hapo. Uchakavu unakaa juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, na kisha VAT ya asilimia 18. Kila kodi ikihesabiwa juu ya iliyotangulia, gari ambalo TRA wamelithamini kwa shilingi milioni 10 linaweza kukaribia milioni 20 kabla hujaweka hata lita moja ya mafuta.

Ndiyo maana ile kanuni ya vijiweni, kwamba matengenezo yakifika theluthi ya bei ya gari uliuze, inapotosha. Tuseme gari lako lingeuzwa milioni 9 likiwa zima, na fundi anataka milioni 3. Theluthi kamili. Lakini likiwa bovu hulipati kwa milioni 9. Dalali ataangalia moshi, atasikiliza mlio, atakupa 5. Unalolitaka wewe linauzwa 17. Basi zile milioni 3 za fundi zinapaswa kulinganishwa na milioni 12 utakazoongeza, pamoja na tairi, breki na oili ambavyo gari lililotoka melini nalo litadai ndani ya miezi michache. Bei ya gari lako sokoni ni habari ya dalali na mnunuzi wake. Wewe mwenye kulitumia unahitaji kujua usafiri wa miaka mitatu ijayo utakugharimu kiasi gani kwa kila njia.

Hesabu hiyo haiwezi kufanywa bila kupima, na hapa ndipo tunapokosea kwa wingi. “Injini imekwisha” ni neno linalotamkwa kwa sikio. Nimemwona fundi mmoja makini akikataa kulitamka. Mteja wake, mama wa makamo, alikuwa ameshaambiwa kwingine anunue injini nzima. Fundi alichomoa plagi nne akazipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio uleule zilivyokaa. Tatu zilikuwa kavu, za kahawia. Ya nne ililowa oili. Akafunga geji ya kompresheni kwenye tundu la kwanza, kijana wake akakanyaga mafuta mpaka chini na kupiga stata, sindano ikapanda. La pili hivyo hivyo, la tatu hivyo hivyo. La nne ikaishia njiani. Akadondoshea oili kidogo ndani ya silinda ile, akapima tena, na sindano ikapanda zaidi.

“Mama, injini yako haijafa. Ni ringi za silinda moja.”

“Na moshi wote ule, fundi?”

“Ndiyo huohuo. Ingekuwa valvu au gasketi, oili nisingeiona ikisaidia.”

Kazi yote haikuzidi muda wa kula chakula cha mchana. Ilimtoa yule mama kwenye bei ya injini nzima ikampeleka kwenye bei ya kazi inayojulikana mipaka yake. Geji ya kompresheni si kifaa cha anasa, na fundi asiyekuwa nayo hana haki ya kuhukumu injini ya mtu.

Kinachoua injini nyingi mjini kwetu ni joto, na joto hilo kwa sehemu kubwa tunalitengeneza wenyewe. Rejeta inajazwa maji ya bomba badala ya kulanti. Maji hayo yanaacha chumvi kwenye njia nyembamba za rejeta na kula aluminiamu, na injini kama 1NZ, iliyomo kwenye IST na Vitz nyingi, ina bloku na silinda hedi vyote vya aluminiamu. Siku gari likichemsha kwenye foleni ya Ubungo, fundi wa haraka anang’oa thamostati na kuitupa. Foleni ya kesho inapita salama, lakini sasa injini haifiki joto lake la kufanyia kazi, inakula mafuta zaidi, na rejeta iliyoziba iko palepale. Mwisho silinda hedi inapinda, gasketi inaungua, maji yanakutana na oili. Ukichomoa dipstiki ukaona oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, zima gari hapohapo. Kila kilomita utakayoongeza inaingia kwenye bili. Gari lililofikia hatua hiyo linaweza kuwa la mwaka 2004 au la mwaka 2016. Kulanti haijui umri.

Giaboksi nayo ina kisa kinachofanana. Magari mengi madogo ya siku hizi yana giaboksi ya CVT, inayotaka oili yake mahususi. Ukiijaza oili ya ATF ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, mkanda wake wa chuma utaanza kuteleza. Likija tatizo hilo bei ni kubwa kweli, na hapo ndipo kuuza kunaanza kuwa na maana, hasa kama injini nayo imechoka. Bushi, shokapu, boljointi, breki, wotapampu, oltaneta: hivi vyote ni vya kubadilisha. Vinaisha kwa sababu ya kazi, na barabara zetu zinavimaliza mapema. Kuliuza gari kwa ajili ya shokapu ni hasara tupu.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo mimi huwa sijadili. Ni kutu ya chesisi. Karatasi ya mnada ya Japani huandika herufi S palipo na kutu na C palipoliwa, na magari ya mikoa ya theluji kama Hokkaido hushika kutu chini kwa sababu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Yakifika Tanga, Mombasa au Unguja, upepo wa bahari unaendeleza kazi. Lipandishe gari juu, gonga kwa bisibisi pale mikono ya tairi inapofungwa kwenye bodi. Chuma kizima kinarudisha mlio. Kilichooza kinabonyea au kutoboka. Ukikuta kimetoboka hapo, usikubali fundi wa kuchomelea akupakie bati na rangi nyeusi juu yake. Hilo ndilo eneo linaloshika tairi ukiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa na watoto nyuma. Gari la namna hiyo liage, hata kama injini yake inawaka kwa robo ya ufunguo.

Liage pia lile lililowahi kuzama kwenye mafuriko na umeme wake ukaanza kuchanganyikiwa, kwa sababu ubovu wa nyaya hauishi. Na kama kazi yako ni ya kusafirisha wagonjwa usiku, au unaendesha peke yako safari ndefu za mikoani, kiwango chako cha kuvumilia gari linalozima kinapaswa kuwa chini kuliko cha mtu anayekwenda Mwenge na kurudi. Hilo mafundi hawawezi kukuamulia.

Ukishaamua kuuza, mwambie mnunuzi ukweli wa ulichokipima, na umkabidhi risiti za spea na tarehe za kumwaga oili. Gari lenye historia linapata bei bora kuliko lenye rangi mpya. Kisha kabla ya kutoa ufunguo, hakikisheni nyote wawili mmekamilisha kuhamisha umiliki TRA. Wengi wanaandikiana kwa wakili wanaishia hapo. Miezi inapita, na faini za barabarani za dereva usiyemjua zinaendelea kusomeka kwenye namba ambayo kadi yake bado ina jina lako.