Mpangaji mnunuzi: Kodi inapogeuka kuwa nyumba

KWA wapangaji wengi wa Dar es Salaam, siku ngumu si ya mwisho wa mwezi. Ni siku mwenye nyumba anapobisha hodi kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Anayepanga kwa Sh250,000 kwa mwezi hutoa Sh1.5 milioni siku hiyo, na mara nyingi akiba yote huishia hapo.

Baada ya miaka 10 atakuwa amelipa Sh30 milioni. Nyumba ya Sh50 milioni inayouzwa kwa kianzio cha asilimia 10 ingemtaka Sh5 milioni kuanza safari ya umiliki. Amelipa mara sita ya kiasi hicho, lakini hajawahi kukishika chote kwa wakati mmoja.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na mpango wa mpangaji mnunuzi. Mtu anahamia kama mpangaji, analipa kila mwezi, na malipo hayo, au sehemu yake, yanahesabiwa katika bei. Watumishi Housing ni miongoni mwa taasisi zinazouza kwa njia hiyo nchini Tanzania.

Magomeni Kota ni mfano unaofahamika. Kaya 644 zilihamishwa kupisha ujenzi mpya, na mwaka 2016 Rais John Magufuli aliahidi kwamba zikirejea zitaishi miaka mitano bila kodi. Majengo yalizinduliwa mwaka 2022 na Rais Samia Suluhu Hassan, na wakazi wakafunguliwa njia ya kununua kama wapangaji wanunuzi.

Nchini Kenya, Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara ghafi, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Hata hivyo, makato hayo si kianzio cha mfanyakazi. Anayetaka nyumba hujisajili Boma Yangu na kuweka akiba yake mwenyewe.

Kununua bila kianzio nako kuna gharama. Chukua mfano wa deni la Sh50 milioni kwa miaka 20, riba ikiwa asilimia 10 kwa mwaka. Rejesho ni takriban Sh482,500 kwa mwezi. Mwenye kianzio cha Sh5 milioni angelipa takriban Sh434,300. Hadi mwisho, asiye na kianzio atakuwa amelipa zaidi ya Sh11.5 milioni kufidia hizo Sh5 milioni alizokosa mwanzoni.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye mkataba. Kwa kawaida hati hubaki kwa muuzaji hadi shilingi ya mwisho ilipwe. Mnunuzi akipoteza kazi mwaka wa 12, mkataba usiposema vinginevyo, anaweza kuonekana mpangaji mwenye malimbikizo tu.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, kuna maswali manne ya kuuliza. Katika kila rejesho, kiasi gani kinapunguza bei? Akishindwa kuendelea, anarudishiwa nini? Je, jengo limewekwa rehani benki? Na kwa ghorofa, je, ataipata hati ya sehemu yake chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008?

Majibu yawe kwenye maandishi. Maneno ya mdomo hayamlindi mtu aliyelipa kwa miaka 12.