Pikipiki ya mbio iliyotumika: Kagua haya kabla ya kutoa pesa

KIJANA anayenunua pikipiki ya mbio kwa mara ya kwanza aghalabu huanza na rangi, akaja kwenye mlio, kisha bei. Injini humjia akilini mwisho, ilhali ndiyo inayoweza kumuua.

Kosa kubwa limo katika nambari 600. Kwa mtu aliyezoea magari, ambako injini ya cc 1,500 huhesabiwa kuwa ndogo, cc 600 hazitishi. Hata hivyo, Yamaha R6, Honda CBR600RR na Suzuki GSX-R600 ziliundwa zikilenga viwanja vya mashindano. Kila moja hutoa nguvu za farasi zaidi ya 100, na uzani wake ni kilo 200 hivi au pungufu. Bodaboda ya kawaida ina nguvu za farasi kumi hivi.

Isitoshe, nguvu hizo haziji kwa ulaini. Injini ya aina hiyo huonekana pole inapozunguka taratibu, hata dereva mgeni akaamini ameshaizoea. Hufikia kilele chake ikizunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Siku atakapozungusha mkono kupita kiasi ili alipite lori, atagundua kwamba hakuwa ameijua bado. Breki zake za mbele nazo ni kali. Anayezifinya kwa hofu katikati ya kona huanguka hata kama hakugongwa na mtu.

Katika Muungano wa Ulaya, leseni ya daraja la A2 humzuia dereva kuendesha pikipiki inayozidi kilowati 35, yaani nguvu za farasi 47 hivi. Kenya nayo ina daraja la A2, lakini jina ndilo linalofanana tu: mwenye leseni hiyo haulizwi ukubwa wa injini. Busara imeachiwa mnunuzi.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, anayeanza na atosheke na Kawasaki Ninja 250R au Ninja 300, Yamaha R3 au Honda CBR250R. Zina umbo lile lile linalopendwa na vijana, na mwendo wake watosha kabisa kwa barabara zetu. Aliye na mwili mkubwa anaweza kufikiria Honda CBR500R, ambayo nguvu zake zinalingana na kipimo hicho cha Ulaya.

Baada ya kuchagua aina, sasa ni kukagua. Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukiikuta injini ina moto, jiulize ni nini kilichofichwa, kwa kuwa matatizo mengi ya kuwaka hujitokeza injini ikiwa baridi. Ikishawaka, tazama moshi: wa samawati ni dalili ya oili kuungua.

Pikipiki iliyowahi kuanguka haikosi kusema. Plastiki hubadilishwa na rangi hupakwa upya, lakini ncha za usukani, ncha za mikono ya breki na klachi, vikanyagio na vifuniko vya injini hubaki na mikwaruzo. Plastiki mpya kabisa juu ya skrubu zenye kutu ni jambo la kuulizwa. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili. Ukikwama au ukiegemea upande mmoja, ondoka.

Tazama pia nguzo za mbele zinazoshika gurudumu: zikiwa na oili, sili zimechoka. Vuta mnyororo pale unapozunguka gurudumu la nyuma. Ukiachana na meno, umekwisha. Tairi lina tarakimu nne ubavuni, ambapo 2319 humaanisha lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi la miaka mingi huwa gumu na kuteleza hata kama michoro yake ingali mizuri.

Zingine zimeletwa kutoka Uingereza, na mita zake husoma maili. Kwa hivyo, 20,000 unayoiona ni zaidi ya kilomita 32,000.

Kuhusu karatasi, linganisha nambari ya fremu na iliyo kwenye hati ya umiliki, kisha thibitisha jina la mwenyewe kupitia mtandao wa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA). Usikubali ahadi kwamba hati itahamishwa "wiki ijayo".

Aidha, usimalize pesa zote kwenye pikipiki. Tenga za bima, helmeti madhubuti, glavu, buti na jaketi zito. Nimeona wengi waliovaa fulana na kandambili juu ya mashine ya mamia ya maelfu ya shilingi. Fedha zikipungua, punguza ukubwa wa injini, wala usipunguze helmeti.

Kama hujawahi kuendesha pikipiki ya aina hiyo, usiijaribu wewe siku ya kununua. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji, aiendeshe huku ukitazama.