Duka la zamani Kibaigwa: kupaua upya au kupaka bati rangi nyeupe?

Mwenye duka la zamani kando ya barabara ya Dodoma–Morogoro akilalamikia joto, mafundi humshauri kwanza ang'oe bati lote na kupaua upya kwa bati la msauzi la rangi. Ushauri huo ni wa gharama kubwa, na mara nyingi hauna ulazima.

Chunguza kwanza bati ulilonalo. Majengo ya zamani mara nyingi yaliezekwa kwa bati nene, geji 24 au 26. Namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba: geji 24 ni takriban milimita 0.6, na geji 30 ni karibu nusu ya hapo. Kwa hiyo mtu anaweza kushusha bati zito lenye uhai wa miaka mingi, akalipa mamilioni kupandisha jepesi kuliko lile. Mwambie fundi agonge taratibu kwenye misumari na pale bati zinapolaliana, kwa kuwa ndiko kutu huanzia. Kutu ya juu juu inaondoka kwa brashi ya waya. Bati lililotoboka libadilishwe hilo peke yake. Mimi ningefikiria kupaua upya pale tu ambapo zaidi ya robo ya paa imekwisha, au kenchi zimeliwa na mchwa. Kama paa ni la asbesto, usiguse kwa brashi wala msasa. Vumbi lake linaua mapafu, na kazi hiyo inahitaji watu wenye utaalamu nayo.

Sasa hesabu. Chukua paa la mita za mraba 150. Kwa mfano tu, tuseme bati la mita 3 la geji 28 ni shilingi 35,000, na ndoo ya lita 20 ya rangi ya bati au ya praima ni shilingi 150,000. Wewe weka bei ya duka lako. Utahitaji bati kama 70, yaani shilingi 2,450,000, kabla ya kofia, misumari, mbao na ufundi. Kupaka mikono miwili juu ya praima kunataka ndoo kama tatu, ya praima ikiwemo: shilingi 450,000, kisha ufundi. Hata bei zikiyumba, tofauti inabaki kubwa.

Je, rangi inafanya kazi? Saa sita mchana anga likiwa safi, kila mita ya mraba ya paa inapigwa na jua la takriban wati 1,000. Bati lenye kutu au rangi ya kukoza hunywa sehemu kubwa ya jua hilo. Rangi nyeupe nzuri ikiwa mpya hurudisha zaidi ya wati 700. Wengi hudhani bati jipya linalong'aa linatosha. Ni kweli linarudisha mwanga mwingi, lakini likishapata moto haliachii joto kwa urahisi, ndiyo maana ukiligusa mchana linaunguza. Nyeupe inarudisha mwanga na pia inaachia joto. Upande wa chini mambo yanageuka: huko mng'ao ndio unaofaa, kwa sababu bati linalong'aa halimwagi joto jingi kuelekea chumbani. Paka juu, chini acha.

Ukilazimika kununua msauzi, chukua nyeupe au maziwa. Naona paa za maruni, bluu nzito na kijivu cha mkaa zikiongezeka nchini kote, na inanisikitisha, maana katika jua la nyanda hizi mtu analipa pesa nyingi kununua joto.

Usipake kwa kutegemea kuokoa umeme wa Luku pekee. Kwa bei ya umeme ya daraja la T1 iliyopangwa 2016, uniti ni shilingi 292, na kodi na tozo zikiingia inakaribia 356. Feni ya wati 70 ikizunguka saa kumi inakula shilingi 250 hivi kwa siku. Ukiizima kabisa, utaokoa kama 6,500 kwa mwezi wa siku 26 za kazi, na hutaizima kabisa. Duka la vitenge linanunua nafuu ya muuzaji na mteja, jambo ambalo lina thamani yake. Famasi ni habari nyingine: dawa nyingi zinatakiwa zikae chini ya nyuzi 30, na kiyoyozi kinachokula uniti 7 kwa siku kinafikisha shilingi 65,000 kwa mwezi kama huo. Kikipungua hata moja ya tano tu, gharama ya rangi, bila ufundi, inarudi ndani ya miaka mitatu hivi.

Kilichobaki ni vumbi. Marekani, paa za kurudisha jua hupimwa zikiwa mpya na tena baada ya miaka mitatu nje, kwa sababu weupe hupungua. Muulize muuzaji namba ya urudishaji jua baada ya miaka mitatu. Kibaigwa, penye malori ya mahindi na upepo wa kiangazi, panga kufagia paa kila mwishoni mwa Septemba, kabla ya joto la Oktoba na Novemba. Pesa ikibaki, weka dari na uache matundu ya hewa chini ya kofia. Dari bila hewa juu yake inahifadhi tanuri.

Kuhusu sura ya jengo, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, mengine mpaka yatangazwe. Duka lako huenda halina mlinzi ila wewe. Rangi inaacha migongo midogo ya bati na baraza kama vilivyokuwa. Msauzi unabadilisha paa lote.

Paka Mei au Juni, mvua zikiwa zimeshaliosha bati na likakauka. Na kama unakinga maji, geuza gata: mvua mbili za kwanza baada ya kupaka zisiingie kwenye tangi.