Mwembe uache, visahani mwaga maji

Mvua zikianza, wakazi wa mitaa ya zamani yenye miti hapa Dar es Salaam huuliza swali moja: daktari, tukate miti ili mbu waishe? Jibu langu ni hapana, na leo nitakueleza sababu. Nitachukua mfano wa Upanga, lakini ukiwa Oysterbay au mtaa mwingine wowote wenye miembe mikubwa na nyumba za zamani, maneno haya ni yako pia.

Upanga iko jirani na Kariakoo na katikati ya jiji, lakini ukiingia kwenye vichochoro vyake unakutana na miarobaini, mikungu, na mikrismasi inayowaka maua mekundu mwisho wa mwaka. Nyumba nyingi za chini na za ghorofa moja au mbili zilijengwa miaka ya 1950, wakati uleule Hospitali ya Muhimbili ilipofunguliwa kwa jina la Princess Margaret mwaka 1956. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha. Kuanzia hapo nyumba moja ikawa na kaya nne, tano, na uwanja wa nyuma ukawa wa watu wote, yaani hauna mwenyewe. Naitaja historia hiyo kwa sababu mbu wa dengi anaishi hapohapo, kwenye uwanja usio na mwenyewe.

Kwanza miti. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la jiji hili huwachosha zaidi watoto wachanga, wazee, wajawazito na wenye ugonjwa wa moyo au figo. Kivuli cha mwembe mmoja mkubwa kinapoza ukuta, paa na uwanja, na majani yenyewe hutoa mvuke unaopunguza joto. Mti wa miaka sitini ukiukata leo, mjukuu wako ndiye atakayeona kivuli cha ule utakaopanda kesho. Na mbu watabaki palepale.

Watabaki kwa sababu mbu hawafanani. Yule anayekupigia kelele sikioni usiku kucha, mara nyingi anazaliwa kwenye maji machafu: chemba iliyopasuka, shimo la choo lisilofunikwa, mtaro ulioziba. Huyo ndiye anayeeneza matende huku kwetu mjini. Mbu wa malaria hupenda madimbwi yaliyotulia, naye huuma usiku. Mbu wa dengi aitwaye Aedes ni mwingine kabisa. Ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, hasa asubuhi baada ya jua kuchomoza na jioni kabla halijazama, na hupenda vifundo vya miguu. Hataki mtaro. Anataka maji kidogo yaliyotulia ndani ya chombo, kivulini, karibu na watu.

Ni kweli kwamba mchana hupumzika kwenye majani na pembe zenye giza, na tundu la mti linaloshika maji linaweza kumzalia. Tundu la namna hiyo lijaze mchanga, imetosha. Punguza matawi yanayogusa paa. Shina liache.

Sasa zunguka nyumba yako pamoja nami. Visahani vya chini ya vyungu vya maua ndivyo vya kwanza, na Upanga kuna vyungu kila kibaraza. Ndoo inayokinga maji ya kiyoyozi. Trei ya nyuma ya friji, ambayo wengi hawajui hata kama ipo. Vazi la maua sebuleni. Tairi kuukuu uani, chupa, vifuu vya nazi, kofia ya pikipiki iliyotupwa imetazama juu. Panda ngazi uangalie mifereji ya paa: majani ya mwembe yakiziba, maji husimama huko wiki nzima bila mtu kuyaona. Hapo ndipo mti unapohusika kweli, na dawa yake ni kusafisha mfereji kabla ya mvua na katikati ya msimu. Kisha angalia simtanki na mapipa, kwa kuwa maji ya bomba hukatika na kila kaya inahifadhi yake. Mfuniko uliopasuka ni mlango wazi.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mbu huyu hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hukauka yakakaa miezi mingi bila kufa. Mvua ikirudi, yanaanguliwa. Kwa hiyo mwaga, kisha sugua kwa brashi na sabuni. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, siku ileile kila wiki, kwa sababu kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua takriban siku saba hadi kumi. Ukiwahi, umekata mzunguko. Watoto wa shule huifanya kazi hii vizuri kuliko sisi, wakionyeshwa vile viluwiluwi vinavyochezacheza majini.

Mbu huyu haruki mbali. Wengi huishia umbali wa nyumba chache. Aliyemuuma mwanao huenda amezaliwa kwako au kwa jirani. Na jirani wa siku hizi ni jengo linaloinuka pale ilipobomolewa nyumba ya zamani. Mafundi humwagilia zege na kuacha maji juu ya sakafu mpya ili likomae, shimo la lifti hujaa, mapipa hukaa wazi. Usinyamaze. Mweleze msimamizi wa ujenzi, akipuuza nenda kwa bwana afya wa kata au ofisi ya serikali ya mtaa, na mwende mkiwa kaya kadhaa. Kupulizia dawa kwa mashine huua mbu wanaoruka siku hiyo. Mayai kwenye kisahani hayaguswi.

Chandarua cha usiku ni cha lazima kwa sababu ya malaria, lakini kwa dengi mtoto anayelala mchana naye anahitaji chandarua mchana. Weka nyavu madirishani. Mvalishe nguo ndefu jioni anapocheza chini ya mti, na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu usimpake mtoto wa chini ya miezi miwili.

Dar es Salaam ililipukiwa na dengi mwaka 2014, kisha 2019 wakaugua maelfu. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaiita kidingapopo, kwa hiyo si mgeni pwani hii. Inaanza ghafla, siku nne hadi kumi baada ya kuumwa na mbu: homa kali, kichwa, maumivu nyuma ya macho, viungo na misuli, kichefuchefu, wakati mwingine vipele. Mzazi anakimbilia kipimo cha malaria, jambo ambalo ni sahihi. Kinatoka hasi. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanapita duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya maumivu, au vidonge vya malaria “kwa usalama”.

Tafadhali usifanye hivyo. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa mgonjwa wa dengi. Tumia parasetamoli tu. Kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Soma lebo ya chupa, maana nguvu ya dawa ya maji hutofautiana. Hakuna dawa inayoua kirusi hiki. Kinachookoa maisha ni maji ya kutosha na macho yako. Mpe ORS, uji mwepesi, madafu, maziwa ya mama kwa anayenyonya, kidogokidogo mara nyingi. Juisi ya majani ya mpapai watu wameshaniuliza sana: isichukue nafasi ya ORS wala ya safari ya hospitali.

Sasa sikiliza hili kwa makini kuliko yote. Hatari ya dengi huja homa inaposhuka. Kati ya siku ya tatu na ya saba mwili unapoa, familia inashukuru, mtoto anarudishwa shule, na kumbe kwa wachache ndipo maji ya damu yanaanza kuvuja kutoka kwenye mishipa. Saa 24 hadi 48 baada ya homa kushuka, mkae naye karibu. Akilalamika tumbo linauma sana, akitapika bila kukoma, fizi au pua zikitoa damu, akipata choo cheusi, akipumua haraka, mikono na miguu ikiwa ya baridi, akilegea au akihangaika bila sababu, au akikaa saa sita bila kukojoa, usingoje asubuhi. Aliyewahi kuugua dengi zamani awahi zaidi, kwa kuwa virusi vyake viko vya aina nne na maambukizi ya mara ya pili mara nyingi ndiyo yanayokuwa makali. Mjamzito mwenye homa, na mtoto wa chini ya miezi mitatu, waende hospitali siku hiyohiyo.

Unapokwenda, beba karatasi yenye mambo manne: siku na saa homa ilipoanza, dawa zote alizokunywa pamoja na zile za dukani, amekunywa vikombe vingapi tangu asubuhi, na mara ya mwisho alikojoa saa ngapi.